Kaburi Hewa la Mabula

Mwaka ule watu walikuwa wanauana mahali ambapo hadi leo siwezi kupaonyesha kwenye ramani, na kila walipozidi kuuana dhahabu ilizidi kupanda bei. Redio ilisema mataifa makubwa hayaaminiani tena, kila moja limeiogopa fedha ya mwenzake, na benki zao kuu zinanunua dhahabu na kuifungia ndani. Mimi ni mkulima wa mahindi na mihogo, nina ng'ombe wanne, sijawahi kugombana na taifa lolote. Lakini mwamba ambao wataalamu waliupima zamani wakauacha kwa kuwa haulipi, sasa ukaanza kulipa. Na mwamba huo unapita chini ya nyumba ya mama yangu.

Mgodi wenyewe ni wa watu wa mbali. Wenye hisa wako Kanada na Australia, mkopo umetoka Ulaya, mitambo imetoka China, na dhahabu yenyewe ikishayeyushwa hailali hapa, inapanda ndege. Kazi iliyobaki kwetu ilikuwa kuhama.

Aliyetumwa kutuambia ni Noela, binti kutoka mji wa Katoro, afisa mahusiano wa mgodi. Alikuja kitongojini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Rwamgasa, akawaamkia wazee mmoja mmoja kabla ya kufungua faili lake. Alisema tutajengewa nyumba za bati upande wa pili wa barabara. Miti italipwa fidia, na makaburi yatahamishwa kwa heshima, kila marehemu kwa jina lake, na familia isimame ione. Kila kaburi litakuwa na kifuta machozi chake, fedha taslimu za kuwapoza wafiwa.

Sostenes, mchimbaji wa siku nyingi ambaye hajui kunyamaza, akanyoosha mkono. "Dada, hawa wazungu mbona wanawajali maiti wetu kuliko sisi tuliosimama hapa?"

Noela akacheka kidogo. Akaeleza kwamba zamani, katika nchi nyingine kabisa, kampuni moja ilipitisha tingatinga juu ya makaburi ya watu. Picha zikazunguka dunia nzima, watu wakaandamana, na mabenki yanayokopesha migodi yakaweka kanuni. Asiyezifuata hapewi mkopo. Kwa maneno mengine, watu nisiowajua walilia, na machozi yao yakafika mpaka kwetu.

Baada ya wiki tatu kitongoji chetu kilikuwa na makaburi mengi kuliko nyumba. Tuliyaita makaburi hewa, kama wale wafanyakazi hewa wa serikalini, wanaolipwa mshahara bila kuwapo. Fundi alikuwa Sostenes. Alituelekeza kuchimba futi tatu, kulaza kipande cha mgomba kilichoviringishwa shuka, na kufukia. Mgomba ukioza udongo unatitia, na kaburi linaonekana la zamani. Msalaba unaukausha juu ya moshi wa jiko kwa siku mbili. Watu walifufua mababu ambao hawakuwahi kuzaliwa ili wapate kuwazika. Nilicheka pamoja nao, kisha nikachukua jembe na mimi.

Sikufanya kwa ajili ya kifuta machozi peke yake, ingawa sitajifanya mtakatifu. Nilifanya kwa ajili ya mama.

Mama yangu anaitwa Mbuke, lakini jina hilo limebaki kwenye kitambulisho. Watu wote humwita Mama Mabula, kwa jina la kaka yangu, mtoto wake wa kwanza. Mimi ni Bujiku, wa pili na wa mwisho. Mabula aliondoka miaka kumi na moja iliyopita, alfajiri, na mfuko wake mgongoni. Alikuwa amesema anakwenda Maganzo kutafuta almasi, maana dhahabu imemkataa. Hakurudi wala hakupiga simu. Mwaka mmoja tukasikia ameonekana Maganzo. Mwaka mwingine dereva wa lori akasema yuko Kongo, na mwingine akaapa kwamba amemwona Sudan, machimboni, amenenepa. Kila habari mama aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anafagia njia ya kuingilia nyumbani kila asubuhi, na alikataa hata kubadilisha mlango.

Kwa hiyo Noela alipoleta fomu ya kuhama, mama aliirudisha bila kuitazama. "Akirudi atanikuta wapi?" akauliza.

Noela alimweleza kuhusu nyumba ya bati. Mama akamwuliza tena swali lilelile. Nyumba zilizotuzunguka zikaanza kubomolewa, visima vikafukiwa, na mitambo ya kutoboa mwamba ikasogea mpaka kwenye zizi letu. Mke wangu na watoto walikwisha kuhamia ng'ambo. Mimi nilibaki na mama, na nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuishi nyumba moja na mtu ambaye hayupo.

Mama alipokwenda Shinyanga mjini kwa dada yake kutibiwa macho, nikapata mwezi mzima. Nyuma ya zizi palikuwa na mahali penye udongo laini, pasipo mawe. Zamani palikuwa na duara la Mabula, shimo alilochimba bila leseni katikati ya mahindi yangu akitafuta mwamba wa dhahabu. Nililichukia shimo lile. Jioni ya mwisho tuligombana kwa sababu yake, nikamwambia aende na asirudi. Siku ileile aliyoondoka, ndama wangu akateleza mdomoni mwa shimo akavunjika mguu. Nikachukua koleo nikalifukia lote, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa hasira, na nilipomaliza nilikuwa na furaha.

Hapo ndipo nilipochimba kaburi hewa. Nililaza mgomba ndani ya shuka, nikasimika msalaba, nikaandika jina la kaka yangu kwa msumari wa moto. Noela akaliingiza kwenye orodha.

Mama aliporudi nikamkalisha, nikamwita kwa lugha ya nyumbani. "Mayu," nikamwambia, "Mabula aliletwa. Alifia Sudan. Wenzake walimleta kwenye sanduku, alikuwa ameharibika, hatukuweza kukusubiri. Tumemzika nyuma ya zizi."

Nilitegemea kilio. Yeye alinitazama kwa yale macho yake mapya, akauliza, "Walikuwa wangapi hao wenzake?"

"Watatu."

"Walikula nini?"

"Ugali na maziwa, mayu."

Akanyoa nywele, akakaa matanga siku zake, na majirani walikuja kumpa pole. Wote walijua. Lakini nani angenichongea, wakati kila mmoja alikuwa na mgomba wake chini ya udongo? Walimshika mkono mama yangu wakasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, nao hawakuthubutu kunitazama usoni.

Nilidhani sasa atapiga dole gumba kwenye fomu na tutahama. Badala yake akahamishia kigoda chake kaburini. Alikuwa anakwenda asubuhi baada ya kukamua, anakaa mpaka jua likiwa kali. Siku ya nne akarudi akiwa na uso wa mtu aliyeitwa.

"Bujiku, mwenzako anagonga."

"Anagonga nini?"

"Jiwe. Anagonga mara tatu, anapumzika, anagonga tena."

Nikamwambia ni mitambo ya mgodi inayotoboa mwamba, ardhi nzima inatetemeka. Alikubali kwa kichwa kama unavyomkubalia mtoto anayesema uongo mdogo. Kesho yake akapeleka maziwa kwenye kibuyu, akayamwaga pale.

Nilijaribu kucheka. Lakini ng'ombe nao walianza kupakwepa mahali pale, wakazunguka mbali ingawa majani yalikuwa mazuri. Kisha ikaja Jumapili. Jumapili mitambo haifanyi kazi, na waliobaki walikuwa kanisani. Saa sita mchana nilikuwa narekebisha ua wa zizi, jua liko utosini, hakuna hata upepo. Nikasikia. Mara tatu, chuma juu ya jiwe, kutoka chini. Kimya. Mara tatu tena. Niliangusha panga nikakimbilia barabarani, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, nikasimama katikati ya lami. Mle ndani nilikuwa nimeweka mgomba. Niliuweka mwenyewe.

Sikumwambia mtu. Usingizi ulinipotea, chakula kikawa mchanga mdomoni, na mke wangu akadhani nimerogwa.

Wiki ile mama mwenyewe akamwita Noela. "Binti yangu, nitahama," alimwambia. "Lakini Mabula naye anahama. Nataka nimwone akitolewa."

Noela alifurahi sana, maskini. Mimi nilimfuata mpaka kwenye gari lake. Nikamwomba achukue udongo tu kwenye debe, mila yetu inaruhusu, hakuna haja ya kumsumbua marehemu. Mila hiyo niliitunga nikiwa natembea.

"Haiwezekani, kaka Bujiku," akasema. "Benki wamemtuma daktari wa mifupa. Kila kaburi lazima lifunguliwe."

Habari za daktari wa mifupa zilipofika, watu walikimbilia ofisini kuwafuta marehemu wao kwenye orodha. Mzee mmoja aliwafuta babu, bibi na shangazi wawili asubuhi moja, akasema alichanganya kitongoji. Mimi sikuwa na njia hiyo. Ningemfutaje Mabula wakati mama yake amekwisha kunyoa nywele kwa msiba wake? Ningefichuliwa, mama angejua kwamba nilimuua mwanawe kwa mdomo ili nipate kuhama. Nilimwendea Sostenes, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa kibarua kwenye kazi hiyohiyo ya kufukua. Akaniambia nitafute nauli ya kukimbilia mbali.

Daktari aliitwa Ines. Alitoka Guatemala, nchi ambayo kwanza nilidhani ni jina la dawa. Alikuwa mwanamke mfupi wa umri wa makamo, mvi kichwani, na alivua kofia mbele ya mama akasema shikamoo vibaya lakini kwa moyo. Noela alitutafsiria kwamba kwao kulikuwa na vita, watu wengi walichukuliwa majumbani, na yeye alijifunza kazi ya mifupa akimtafuta mjomba wake. Mama alimshika mkono kwa muda mrefu. "Ulimpata?" akauliza. Ines akasema bado.

Walianza Jumanne, saa mbili asubuhi. Waliondoa udongo kwa mwiko na brashi, taratibu mpaka nikatamani kupiga kelele. Saa nne shuka ikaonekana, imeoza. Ines akaifungua. Ndani mlikuwa na nyuzinyuzi za mgomba na uchafu mweusi, basi.

Akainua kichwa akanitazama. Alijua. Mtu aliyefukua makaburi nusu ya maisha yake hawezi kuikosa harufu ya mgomba. Mama alikuwa kwenye kigoda, hatua tano nyuma yangu, macho yake mapya yakiona kila kitu. Nikafumba macho yangu nikisubiri.

Ines akaongea na Noela kwa Kiingereza. Noela akatafsiri kwa sauti ya kazi. "Daktari anasema udongo wa chini ya hapa bado ni wa kufukiwa. Kanuni ni kuchimba mpaka wafike kwenye udongo ambao hakuna mtu aliyewahi kuugusa."

"Inatosha," nikasema. "Mwambieni inatosha, ndiye huyo."

"Wachimbe," akasema mama.

Walichimba siku hiyo yote na kesho yake. Walipofika kina cha mtu mzima wakaanza kuweka matimba, zile nguzo za kuzuia kuta zisianguke, na Sostenes ndiye aliyekuwa chini kwa sababu anajua mashimo. Jumatano, kabla ya mchana, aliacha kuchimba. Kisha akaomba kupandishwa. Alitoka amebeba moko, ile patasi ya chuma ya kuvunjia mwamba, iliyozungushiwa mpira mwekundu wa baiskeli mahali pa kushikia. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefunga moko yake kwa mpira mwekundu. Mama alinyoosha mkono, akapewa, akaiweka mapajani.

Mabula hakuwahi kufika Maganzo. Hakuwahi kufika hata barabarani. Alfajiri ile, mfuko ukiwa mgongoni, alishuka kwanza shimoni kuchukua vyombo vyake, kwa kuwa mchimbaji hasafiri bila moko na nyundo. Miaka kumi na moja tulimtafuta Sudan na Kongo, na alikuwa chini ya mahindi yangu. Nilikuwa nimeyavuna mahindi hayo kila mwaka.

Ines alishuka mwenyewe, akakaa huko mpaka saa tisa. Alipotoka alikaa chini kwenye udongo, karibu na miguu ya mama, akaongea polepole ili Noela amfuate. Ni mwanamume. Yuko kwenye kijipango pembeni ya shimo, si katikati. Hana mfupa uliovunjika. Hakulala, amekaa, mgongo ukutani, magoti juu, mfuko wake kando. Mkono wake wa kulia una nyundo. Ukuta wa mbele yake una alama nyingi za kugongwa, mahali pamoja.

Noela alifika hapo akaacha kutafsiri. Akageuka pembeni.

"Alikaa siku ngapi?" mama akauliza.

Ines akatikisa kichwa. Mifupa haisemi hilo.

Basi Sostenes akasimama. Alikuwa rafiki wa Mabula tangu utotoni, na udongo ulikuwa bado umemganda kwenye nyusi. "Bujiku," akasema, "shimo hili ulifukia wewe. Uliliita?"

Kila mtu wa huku analijua jambo hilo, hata mkulima. Shimo halifukiwi bila kuitwa. Unainama mdomoni mwake, unaita mara tatu, unatupa kokoto, halafu unatulia muda wa kuvuta sigara moja, unasikiliza. Huenda kuna mwizi wa mawe, huenda kuna mlevi aliyelala, huenda hewa imemzidi mtu. Watoto wa machimboni wanafundishwa kuita kabla ya kufundishwa kuchimba.

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nimekwisha kuutumia mwingi, mmoja zaidi usingenishinda. Ningesema niliita, mayu, mara tatu, hakujibu. Angeamini, au angeonyesha kuamini, na tungekufa wote na amani hiyo.

"Sikuita," nikasema. "Nilikuwa nimemkasirikia."

Hakuna aliyenipiga. Nilitamani wanipige. Sostenes alitema mate chini akaondoka. Ines alimwuliza Noela nimesema nini, akaambiwa, akavaa kofia yake. Mama aliomba maji, akanawa mikono, akafunga vizuri kitenge chake, akasogea mpaka ukingoni mwa shimo. Akainama.

"Mabula," akaita. "Mabula. Mabula."

Akachukua kokoto akaidondosha. Akasikiliza muda mrefu, sisi wote tumesimama, na mitambo ya mgodi ikinguruma upande wa pili wa zizi. Kisha akamwamkia kwa sauti yake ya kila asubuhi, "Mwangaluka, mwanangu," akakaa chini akalia kilio ambacho hakukilia siku ya matanga.

Kuhusu mgomba hakuna aliyeuliza. Kwenye orodha ya mgodi kila kitu kilikuwa sahihi, jina sahihi, mahali sahihi, ndugu amethibitisha. Noela aliniambia kwa unyonge kwamba wakaguzi wa benki watalitumia kaburi letu kama mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Ines alinisogelea mara moja tu, akaniuliza kupitia kwa Noela nilijuaje kwamba yuko pale. Nikamwambia sikujua, nilitafuta udongo laini. Aliandika jambo kwenye daftari lake, na sijui aliandika nini.

Jumatatu Noela akaja na fomu. Mama alikuwa ameketi mlangoni, moko iko mapajani tangu siku ile, haiachii hata akila. Mimi nilisimama karibu naye nimeshika fimbo yake. Nilikuwa nimemhudumia siku zote tano, nikimpikia, nikimchemshia maji ya kuoga, na alipokea kila kitu bila kusema neno.

"Shikamoo, Mama Mabula," akasema Noela.

"Marahaba, binti yangu."

"Hatutachelewa. Ni kuandika watu wa kaya tu, ili kule wajue idadi." Akafungua kalamu. "Watoto ulionao ni wangapi?"

"Mmoja," akasema mama.

Noela akaisogeza kalamu kwenye fomu. "Jina lake?"

"Mabula. Anahama kesho. Nitapanda gari lake."

Kalamu ikabaki hewani. Noela alinitazama, akisubiri nimsahihishe mzee, nicheke kidogo, niseme mama amechoka. 

"Andika anavyosema, dada Noela," nikasema.

Akaandika. Mama akapiga dole gumba mahali alipoonyeshwa, akafuta wino kwenye kitenge. Kisha akanyoosha mkono juu kuelekea kwangu, kwa adabu, kwa upole ule ambao mtu anauweka kwa ajili ya wapita njia.

"Samahani, kijana," akaniambia. "Nishike mkono, niinuke."

Nikamshika.